Nani Atauchora Uso wa Songea?

Wapo mabingwa wa ushairi, visiwani na mwambao mzima, ambao wakisikia neno vibonzo hubetua midomo. Kwao utungo ni utungo, na mchoro wenye visanduku na viputo vya maneno ni mchezo wa watoto, kitu cha kufungia maandazi gazeti likisha kusomwa. Dharau hiyo imekaa muda mrefu hata imeanza kuvaa joho la elimu. Aghalabu wenye nayo ni watu ambao hawajapata kusimama nyuma ya bega la mchoraji wakatazama afanyavyo kazi yake.

Na ajabu ni kwamba majumbani mwa mabingwa hao hao, sandukuni, zimekunjwa kanga. Kanga ni nini kama si picha na maneno yaliyopigwa chapa mahali pamoja? Ina pindo, ina mji, ina jina. Na jina halisomwi peke yake, bali husomwa pamoja na korosho iliyochorwa mjini, pamoja na aliyeivaa, na pamoja na jirani aliyekusudiwa kuisoma. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa imeuza kanga tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hapana mshairi aliyesimama akalalama kwamba Kiswahili kimevunjiwa heshima kwa kuchapwa juu ya kitambaa. Basi kibonzo kimekosa nini?

Swali hili lingeweza kuachwa liwe la barazani, kama si Songea. Huko, tarehe 27 Februari 1906, utawala wa Kijerumani uliwanyonga wapiganaji zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji na kuwafukia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake. Pamoja na mashujaa hao hukumbukwa Mkomanile, anayetajwa kuwa mwanamke pekee aliyenyongwa. Ukoo wa Mbano unaamini kwamba kichwa cha babu yao kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini hapo, akaomba msamaha na kuahidi juhudi za kukitafuta.

Mtu anatafutwa kichwa. Na picha nyingi za mateka wa vita ile, zile zinazochapwa na kuchapwa tena vitabuni, zilipigwa na upande ulioshika bunduki: watu wamefungwa minyororo shingoni, wamesimamishwa mbele ya kamera ambayo hawakuiita. Kila anayezitumia picha hizo bila kuongeza kitu humwazima msomaji jicho la mnyongaji. Kalamu ya mchoraji ndiyo iwezayo kumtoa Mkomanile katika mnyororo ikamrudisha barazani kwake, mwaka mmoja kabla, akiamua shauri na wazee. Kamera haikuwapo siku hiyo.

Wapenzi wa ushairi wasisahau kwamba vita hii iliingia mapema katika fasihi yao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ebrahim Hussein, naye mzaliwa wa Lindi, akaleta tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Anayeujua utenzi anajua umbo lake: vipande vinne, mizani nane kwa kila kipande, vitatu vikioana kwa kina na cha nne kikishika bahari inayopita utenzi mzima. Mtunzi hana nafasi ya kusema yote. Husema tendo moja katika ubeti, akavuka, na kilichotokea baina ya ubeti na ubeti humwachia msikilizaji. Mchoraji wa hadithi ya picha hufanya hivyo hivyo. Uwazi mweupe ulioko kati ya kisanduku na kisanduku ndimo mkono unamoshuka, ndimo mtu anamokufa. Mchoraji huchora kabla na baada. Lau Abdul Karim angekuwa na penseli mahali pa kalamu ya mwanzi, hapana shaka angezipanga kurasa zake kwa hesabu ile ile.

Baada ya penseli huja wino, na baada ya wino huja kazi ambayo wengi hawaijui, ya kuchapa kwa wavu. Kitambaa chembamba chenye matundu madogo mno huwambwa juu ya fremu ya mbao mpaka kikipigwa kidole kilie kama ngoma. Hupakwa dawa gizani, ikaachwa ikauke. Mchoro uliotiwa wino mweusi juu ya plastiki angavu hulazwa juu yake, kisha vyote hupelekwa juani. Palipopigwa na mwanga dawa hukauka ikawa ngumu. Palipofunikwa na wino hubaki laini, na maji huiondoa, matundu yakawa wazi. Hapo fremu hulazwa juu ya karatasi, rangi humiminwa upande mmoja, na mtu huivuta kwa kipande cha mpira kilichopachikwa kwenye mti, mkono mmoja mzito, pasi na kusita. Akisita katikati, mstari wa kusita huonekana.

Hiyo ni rangi moja tu. Ya pili inadai wavu wake, ya tatu wake, na kila moja sharti ikae juu ya mwenzake pasipo kupotoka hata unene wa unywele, ama sivyo mdomo wa mtu hutoka nje ya uso. Kwa hiyo mchoraji hujinyima. Hesabu ya rangi humlazimisha kuuliza kila alama ina kazi gani, kama mizani inavyomlazimisha mshairi kulitupa neno zuri lisilotosha. Anayeheshimu mtu aliyekesha akitafuta kina cha "-nga" na akamcheka aliyekesha akilinganisha nyekundu na nyeusi hajaeleza bado tofauti yake ni ipi.

Hujibiwa kwamba hayo ni mambo ya kale: kompyuta ipo, na mabango ya plastiki hutoka kwa dakika chache. Yatoke, hayana ubaya. Lakini mashine iko kwa mwenye mtaji, na mwenye mtaji ndiye achaguaye kitakachochapwa. Fremu na wavu vinaweza kukaa uani, vikatoa karatasi mia bila umeme na bila kusubiri idhini ya mfadhili. Vibonzo vya Kiswahili vimeonja pande zote mbili. Vilikuwako huru na vya utani, tangu Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru hadi Kipanya wa Masoud Kipanya. Kisha likaja wimbi la vibonzo vya miradi, mfano wake maarufu ukiwa Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015. Kazi hiyo ina wachoraji hodari na imefika kwa vijana ambao vitabu haviwafikii. Hata hivyo katika mtindo huo funzo hutangulia na hadithi hufuata nyuma ikilibeba, na kifo cha Songea Mbano hakina funzo la afya wala la ujasiriamali.

Ruvuma yenyewe imekwisha kupoteza mara moja. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akachora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Leo jina lake limejaa maduka ya Mji Mkongwe, tembo na twiga wakiwa wamenakiliwa kwa ajili ya mabegi ya wageni. Lakini ni Wazanzibari wangapi wanaopita hapo kila siku wanaojua kwamba Tingatinga ni jina la mtu, tena mtu wa Ruvuma? Mkoa ulitoa mkono, na mji mwingine ukauza kazi ya mkono huo.

Kumbukizi za mashujaa hufanyika Songea kila Februari, na ndipo mahali pa kuanzia. Vijana wa mji huo wapewe kurasa za hadithi yao waichore, na waichape wenyewe katika uwanja wa makumbusho, mbele ya wajukuu wa walionyongwa, karatasi zikianikwa kwenye kamba. Washairi wa pwani wanaojiona kuwa warithi wa Abdul Karim wawapelekee maneno ya kutia katika viputo, maana hapo ufundi wao unatakikana kweli. Ila wasichelewe. Songea iko nyanda za juu, na mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka zikashika hadi Aprili. Jua la Februari haliaminiki na rangi hukawia kukauka. Nyavu zitakazotumika tarehe 27 zinatakiwa ziwe zimekwisha kupigwa jua mwezi wa Oktoba.