Ubingwa wa Vishale Wahesabiwa kwa Paundi

Kila mwezi wa Julai, katika mji wa Blackpool ulioko pwani ya Uingereza, wachezaji 32 wa vishale hukutana ndani ya jumba liitwalo Winter Gardens. Mashindano hayo, World Matchplay, yalianza mwaka wa 1994. Kumi na sita kati yao ni wale wa mwanzo katika orodha ya ubingwa wa dunia. Kumi na sita waliobaki ni wale waliochuma fedha nyingi zaidi katika mashindano madogo madogo ya mwaka mzima.

Fedha, hilo ndilo neno nitakalo tulitazame. Orodha ile haiulizi mtu kashinda michezo mingapi wala kamwangusha nani. Yahesabu paundi alizochuma kwa miaka miwili, basi. Zikitimiza miaka miwili zafutwa, na aliyekuwa juu jana huweza kuporomoka hata kama mkono wake haujatetemeka. Mwaka wa 2025 kijana wa miaka 18, Luke Littler, alimshinda James Wade kwa 18 dhidi ya 13 huko Blackpool akaondoka na paundi 200,000. Waliotolewa raundi ya kwanza walipata 10,000 kila mmoja. Novemba mwaka huo huo Littler akashika nafasi ya kwanza duniani.

Ustadi wao siudharau hata kidogo. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka ubaoni, akapunguza 501 mpaka sufuri, na kishale cha mwisho sharti kiangukie katika ule mzingo mwembamba wa nje unaozidisha namba mara mbili, au kile kijiduara cha katikati kabisa. Aliyeipanga namba ya 20 baina ya 1 na 5 alikuwa mtu mwenye choyo: ukikosa upana wa kidole, waokota mabaki. Tena Blackpool kwa kawaida hapana ushindi wa mchezo mmoja. Lazima umpite mwenzio kwa miwili, isipokuwa michezo ya nyongeza ikiisha bila mshindi.

Najua msomaji ataniuliza: Je, huo si mchezo wa vilabu vya pombe? Ndiko ulikokulia, ndiyo. Na mashindano ya 2025 yalibeba jina la kampuni ya kamari mbele ya jina lake lenyewe. Mimi niliyesomeshwa chuoni sina la kutetea hapo. Mwenye kulenga shabaha habahatishi, mwenye kubahatisha ni yule aliyekaa pembeni na kikaratasi chake cha kamari. Lakini sehemu ya fungu la bingwa yatoka mfukoni mwa huyo wa pembeni, na hilo halifichiki.

Sasa tuje kwa Mkenya. Desemba 2025, David Munyua, daktari wa mifugo, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Alexandra Palace, London. Hayo ni mengine, si ya Blackpool. Mwaka ule mlango wake ulipanuliwa kutoka wachezaji 96 hadi 128, na Afrika imewekewa nafasi. Alikutana na Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix mwaka wa 2024. Munyua akafungwa seti mbili za mwanzo, kisha akarudisha zote mbili, na ya tano akaitwaa. Katika raundi ya pili alitolewa.

Barazani kwetu ushindi kama ule ungetosha. Mgeni huja, akakaribishwa kwenye bao, akamfunga fundi wa mtaa mbele ya watu, na kabla ya magharibi jina lake limeshafika mtaa wa pili. Hakuna atakayemwuliza amechuma kiasi gani.

Kule aulizwa kadi. Wanaocheza yale mashindano madogo madogo, ambayo ndiyo njia ya Blackpool, kwa kawaida ni wenye kadi 128, na kadi huwa ya miaka miwili. Asiye nayo huigombea mwezi wa Januari, ama Milton Keynes, Uingereza, ama Kalkar, Ujerumani. Akiipata, mashindano yenyewe yako huko huko Ulaya, wiki baada ya wiki: nauli, malazi, visa, na ng'ombe wa watu kumsubiri daktari nyumbani. Mwingereza hutoka kwake asubuhi kwa gari, akitolewa mapema alala kwake.

Kwa hiyo orodha yapima vitu viwili kwa mizani moja, yaani mkono wa mtu na ukaribu wa nyumba yake. Littler ni wa kwanza kwa haki, sina shaka. Hata kwa hesabu ya barazani angekuwa wa kwanza. Ninaowatilia shaka ni wale wa nafasi ya arobaini au hamsini, ambao hakuna ajuaye wangesimama wapi lau Kalkar ingekuwa Mariakani.