Hamkuambiwa, Mwalimu?

Mjadala wa kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliendeshwa kana kwamba una pande mbili tu: Mfuko na wenye hospitali. Kitita kilitangazwa Desemba 2023 ili kianze kutumika Januari 1, 2024. Wenye hospitali binafsi wakalalamika kwamba bei mpya hazifidii gharama zao. Wizara ya Afya ikaahirisha utekelezaji na kuunda kamati. Hatimaye kikaanza Machi 1, 2024, na baadhi ya hospitali hizo zikasitisha kuwahudumia wanachama hadi pande hizo zilipokutana tena. Magazeti yaliandika sana. Lakini yupo mtu wa tatu, ambaye fedha yake ndiyo iliyokuwa ikigombewa, na huyo sijaona barua aliyoandikiwa.

Mtu huyo ni mtumishi. Kwa mujibu wa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 iliyouanzisha Mfuko, asilimia 3 ya mshahara wake hukatwa kila mwezi na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa shilingi 21,000, na ukijumlisha mchango wa mwajiri, Mfuko hupokea shilingi 504,000 kwa mwaka kwa jina lake. Hawezi kusema mwezi huu sikati. Muuza duka akipunguza ujazo wa kibaba, mteja huhamia duka la pili. Mtumishi wa umma hana duka la pili. Kwa hiyo wajibu wa kumpa taarifa ni mzito zaidi kwake kuliko kwa mteja wa hiari, wala si fadhila ya ofisi.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, upande wa Laela, alinisimulia jinsi alivyompeleka mama yake mjini Sumbawanga mwezi huo wa Machi. Mama ni tegemezi wake katika kadi na ana shinikizo la damu la miaka mingi. Kwenye dirisha la dawa la kituo ambacho sina sababu ya kukitaja, waliambiwa kuwa dawa aliyoizoea bibi huyo haitolewi tena kwa kadi katika ngazi ya kituo kile; walipe taslimu au warudi kwa daktari abadilishe. "Tangu lini?" akauliza. Kijana wa dirishani akamjibu kwa upole: "Tangu mwezi huu. Hamkuambiwa, Mwalimu?"

Kijana yule hakukosea. Lakini tazameni jinsi taarifa ya kisera ilivyoshuka kutoka makao makuu, ikapita mkoani, ikapita halmashauri, na mtu wa kwanza kuitamka mbele ya mwanachama akawa mtoa dawa, mbele ya foleni, mgonjwa akiwa amesimama.

Dar es Salaam tatizo hilo lina nafuu, kwa kuwa anayekataliwa mlango mmoja huvuka barabara. Kwenye uwanda wa Ufipa milango inahesabika. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ipo ile ya Dr. Atiman, vipo vituo vingine vichache, kisha ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma hadi Mbeya. Na kabla ya kufika Sumbawanga penyewe, mtumishi wa Muze au Mtowisa huanza kwa kuupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa kutoka bonde la Rukwa. Wa Kirando na Kasanga huanzia ziwani. Taarifa ya mapema kwa watu hawa ina thamani ya nauli mbili na siku ya kazi.

Sibishani na sababu za mabadiliko. Kitita kilichotangulia kilikuwa cha mwaka 2016, na hakuna mfuko unaoweza kulipia tiba za leo kwa orodha ya miaka ile. Mfuko pia ulizungumza na vyombo vya habari. Lakini tangazo la televisheni si taarifa kwa mtumishi, hasa orodha yenyewe inapokuwa ndefu na imejaa majina ya dawa ambayo hata mimi mwenye kazi ya kusoma nayapita haraka.

Waajiri hujitetea kwamba kitita ni cha Mfuko, si chao. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri amwarifu mfanyakazi kwa maandishi pale maelezo ya ajira yake yanapobadilika, na Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha. Marekani, ambayo mfumo wake wa bima nisingeutamani, huutaka mpango wa bima unaobadilisha mafao katikati ya mwaka utoe taarifa siku 60 kabla.

Wala msiniambie kwamba walimu wa vijijini hawafikiki. Kipindi hichohicho watumishi walihimizwa kuingia katika mfumo wa PEPMIS na kujaza majukumu yao, na maagizo yaliwafikia hadi mwisho wa barabara, pamoja na vitisho kwa waliochelewa. (Vitisho, nimegundua, havikosi mtandao.)

Haya yana uzito zaidi sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inakusudia kumwingiza pia mkulima wa mahindi wa Mpui, asiye na mwajiri wala hati ya mshahara. Kabla hatujafika kwake, tuanze na yule ambaye namba yake ya simu Serikali inayo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, pamoja na hati ya mshahara, miezi miwili kabla: kilichoondolewa, kilichoongezwa, vituo vinavyokitoa mkoani kwenu, na namba ya kupiga. Wajumbe wa mabaraza ya wafanyakazi mnaosoma hapa, ulizeni katika kikao kijacho ni nani katika halmashauri yenu mwenye jukumu la kuuandika ukurasa huo, na jina lake liingie katika muhtasari.