Uvira: Kabla ya kusambaza habari ya vita, mtu afungue kichupo cha pili

Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, familia nyingi zilishuka kwa Kamanyola na bonde la Ruzizi mpaka Uvira, na zingine zikavuka mto kwenda Burundi. Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Uvira yenyewe. Katika safari za namna hiyo, simu ya mtu mmoja huamua njia ya watu kumi. Mwenye simu anasoma kwa sauti, mama anafunga mizigo.

Kwa hiyo mwenye simu, apende asipende, amekuwa redio ya jirani zake. Redio yenye heshima haitangazi habari iliyosikika sehemu moja tu. Naye asitangaze.

Kazi hiyo haihitaji shule kubwa. Akipata ujumbe kwamba barabara ya Sange imefungwa, aache ukurasa alionao, afungue kichupo kipya (simu zetu nyingi za Kifaransa huandika « onglet »), kisha atafute jina la mahali pamoja na tarehe. Matokeo yakija, asibonyeze tu: ashikilie kidole juu ya kiungo, achague kukifungua katika kichupo kipya. Hapo habari mbili au tatu zinakaa pamoja, naye analinganisha bila kupoteza ya kwanza. Akiandika site:radiookapi.net Uvira, bila nafasi baada ya nukta mbili, anapata ya Radio Okapi peke yake.

Kwenye kompyuta ni haraka zaidi. Ctrl na T hufungua kichupo kipya. Ctrl na Tab humpeleka kwenye kinachofuata. Ctrl na F hutafuta neno, kwa mfano « Kavimvira », ndani ya ukurasa mrefu. Akifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl, Shift na T hukirudisha.

Picha nazo zichunguzwe. Picha ya mafuriko ya Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, inaweza kutumwa leo kama ya jana. Katika Chrome, kushikilia picha kunaleta nafasi ya kuitafuta kwa Google Lens, na wakati mwingine umri wake unajulikana.

Wapo watakaosema mega ni ghali. Ni kweli, na kwa aliyeacha shamba na duka nyuma ni ghali maradufu. Lakini video moja ya kutisha inayopita kundi hadi kundi hula mega kuliko kurasa kadhaa za maandishi. Na gharama ya uvumi ni kubwa zaidi: nauli iliyolipwa bure, mtoto aliyepotea katika msongamano, familia iliyorudi nyumbani kabla ya wakati.

Wengine watasema hatari haisubiri utafutaji. Risasi zikisikika karibu, hakika mtu akimbie kwanza. Lakini ujumbe mwingi hufika watu wakiwa wamekaa, na dakika tatu zinapatikana.

Viongozi wa maeneo ya waliohama na vijana wa Kalundu, Kasenga na Mulongwe wangekubaliana jambo moja: ujumbe wa kukimbia au wa kurudi usisambazwe kama haukupatikana katika sehemu mbili zisizonakiliana. Wasipoupata, waseme wazi kwamba haujathibitishwa. Mzee asiye na simu anastahili ukweli huo.