Afya Nyumbani: Sindano ya Nguvu na Moyo wa Mtu wa Kazi



Juma lililopita niliahidi kuandika habari za kuwaachisha watoto ziwa. Nisameheni, habari hizo zitangoja, maana imenifikia barua kutoka Kikatiti ambayo haifai kuwekwa kando.

Mama mmoja aandika kwamba mume wake ana miaka 52, naye ni mtu wa kazi tangu ujana. Alfajiri hukama ng'ombe, hupeleka maziwa kwa baiskeli hata Usa River, na akirudi hushika jembe. Mwaka jana alianza kulalamika uchovu, na chumbani hakuwa kama zamani. Rafiki yake akampeleka kwenye duka moja la dawa, huko akaanza kuchomwa sindano za homoni ya kiume. Akajiona kijana tena. Kisha siku moja, akipandisha kilima na madebe yake ya maziwa, kifua kikambana kama mtu aliyekaliwa na gunia, jasho la baridi likamtoka, akaanguka. Alilazwa hospitali siku 9, wakamwambia ni shambulio la moyo. Sasa yuko nyumbani, na ataka mambo mawili: kurudi kwenye baiskeli, na kurudi kwenye sindano. Mama auliza: "Je, ni sindano zilizomwangusha? Nami nikimzuia, nitakuwa mke mkorofi?"

Hapana, Mama, si ukorofi. Lakini nitakujibu kwa haki, hata pale ambapo jibu si lile ulilolitazamia.

Kila mfugaji wa Meru ajua tofauti ya fahali na maksai. Ng'ombe ni wa zizi moja, lakini mmoja ana shingo nene na hasira, na mwingine ni mpole wa kuvuta plau. Kinachowatenga ni homoni iitwayo testosteroni. Wataalamu wa Uholanzi waliitenga mwaka 1935 kutoka katika makende ya mafahali, na ilihitajiwa kilo 100 hivi ili kupata miligramu 10 tu! Siku hizi hutengenezwa viwandani. Wako wanaume ambao miili yao haiitoi ya kutosha kwa sababu ya ugonjwa, na hao dawa hii huwafaa kweli. Lakini ugonjwa huo haujulikani kwa kumtazama mtu usoni. Damu hupimwa asubuhi, tena mara mbili kwa siku mbalimbali. Katika barua yako sioni mahali ambapo damu ya Baba ilipimwa hata mara moja. Uchovu wa mtu wa miaka 52 waweza kuwa kisukari, presha, upungufu wa damu, au moyo wenyewe uliokwisha kuanza kuziba. Hata udhaifu wa chumbani mara nyingi ni mjumbe wa kwanza wa mishipa inayoziba, miaka michache kabla ya kifua kuuma. Aliyempa sindano alimnyamazisha mjumbe asisikilizwe.

Sasa, je, ndizo zilizomwangusha? Mwaka 2023 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,200, wa miaka 45 hadi 80, ambao homoni yao ilipimwa ikaonekana haba, na ambao walikuwa na ugonjwa wa moyo au hatari yake. Nusu walipewa homoni ya kupaka, nusu dawa bandia. Waliopata shambulio la moyo au kiharusi, au kufa kwa magonjwa hayo, walikuwa karibu 7 katika kila 100 pande zote mbili. Kwa hiyo siwezi kusema sindano ndiyo muuaji. Lakini waliotumia homoni walizidi kidogo kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpango, na kwa damu iliyoganda na kuziba mapafuni. Tena watu wale walikuwa mikononi mwa waganga, damu yao ikipimwa, kipimo cha dawa kikipunguzwa kilipozidi. Mtu anayechomwa dukani hana kinga hiyo, na utafiti ule haumsemei neno.

Kinachopimwa zaidi ni uzito wa damu. Homoni hii huongeza chembe nyekundu, na chembe zikipita sehemu 54 katika 100 za damu, dawa husimamishwa. Hebu fikiri mtu mwenye damu kama uji mzito, aendesha baiskeli juani bila kunywa maji.

Wengi watasema: mtu wa kazi hapatwi na moyo, hayo ni magonjwa ya wenye vitambi. Si kweli. Mmarekani Jim Fixx aliandika mwaka 1977 kitabu kilichowafanya maelfu kuanza kukimbia kwa ajili ya afya. Mwaka 1984, akiwa na miaka 52 kama Baba huyu, alikufa akikimbia, na mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba. Baba yake mzazi alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43, naye mwenyewe alikuwa amevuta sigara sana zamani. Kazi na mbio ni rafiki wa moyo, lakini hazifuti urithi, tumbaku wala presha isiyotibiwa.

Na tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo. Huko Moshi, watafiti waliwapima watu wazima waliofika hospitali na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakaona zaidi ya mmoja katika kila watano ana shambulio la moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa. Sisi husema ni gesi, au malaria, au vidonda vya tumbo. Kifua kikibana zaidi ya dakika chache, na maumivu yakienda mkononi au tayani pamoja na jasho, mgonjwa aketi, asitembee. Atafune aspirini ya miligramu 300, ila kama humdhuru au ana vidonda vinavyotoa damu, na gari litafutwe saa ile ile.

Turudi kwa Baba. Sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa, na kovu huchukua majuma 6 hadi 8 kukomaa. Lakini asilale kitandani siku zote! Aanze kutembea uani, dakika 5 au 10, mara mbili kwa siku, aongeze kidogo kidogo. Kipimo ni maneno: akishindwa kuzungumza anapotembea, amezidisha. Baiskeli ije baadaye, kwanza bila madebe na mahali tambarare. Madebe na magunia vingoje ruhusa ya daktari. Akiweza kupanda kilima kifupi kwa haraka bila kifua kuuma wala kukosa pumzi, tendo la ndoa nalo kwa kawaida halina hatari. Ila asinunue vile vidonge vya nguvu vya barabarani. Vikikutana na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, presha huweza kuanguka ghafula mtu akafa.

Kuhusu sindano: waganga wa homoni wa Marekani walishauri mwaka 2018 kwamba mtu asianzishiwe dawa hii ikiwa hajatimiza miezi 6 tangu shambulio la moyo. Baada ya hapo, kama vipimo vya asubuhi vitaonyesha upungufu wa kweli, aliamue daktari wa moyo pamoja naye. Tena kuna neno ambalo wauzaji hawalisemi: homoni hii ya kuchomwa huzima mbegu za uzazi. Wako vijana waliooa juzi wanaozitumia, kisha wake zao ndio wanaoitwa tasa.

Baba ajue pia kwamba mwili uliozoea kupewa huchelewa kuanza kutoa wenyewe. Kwa miezi kadhaa atakuwa mzito na mwenye huzuni, wala si kwamba moyo umekufa. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani tena, au hutupa vidonge vya hospitali wakidhani ndivyo vinavyowadhoofisha. Vipo kweli vidonge vya moyo vinavyopunguza nguvu, na daktari akiambiwa aweza kuvibadilisha, lakini ni lazima aambiwe.

Kwa hiyo, Mama, siku ya kliniki nenda naye. Chupa tupu za sindano kama zipo, zifunge katika karatasi uzichukue, na umwombe daktari apime wingi wa damu, presha na sukari. Baba akiona haya kueleza, eleza wewe.