Yaliyopita Ni Ndwele: Msamaha na Ukombozi katika Riwaya ya Kihindi

Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nchini Kenya methali hii imevuma majukwaani kuliko ilivyovuma majumbani. Mnamo Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alikutana na walowezi wa Kizungu mjini Nakuru akawahimiza wote wasameheane na kuyasahau ya nyuma. Tangu siku hiyo, kila mwenye jambo asilotaka liulizwe hukimbilia methali hiyo hiyo. Makala haya yanadai kwamba riwaya ya Kihindi, ile iliyoandikwa India na ile iliyoandikwa na Wahindi wa Afrika Mashariki, inaipinga methali hiyo kwa hoja ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ana haja ya kuisikia: msamaha na ukombozi si kitu kimoja, na penye msamaha usioandamana na ukombozi, deni hubaki palepale lilipokuwa.

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, kwani Kiswahili kinazipambanua dhana hizi mbili waziwazi. Msamaha huwa mikononi mwa aliyekosewa. Aweza kuutoa hata kwa asiyeuomba, na akiunyima hapana wa kumlazimisha. Kukomboa ni kitendo cha namna nyingine. Rehani hukombolewa kwa kulipa. Mateka hukombolewa kwa fidia. Nchi hukombolewa kwa jasho na damu. Katika matumizi yote haya ya kale, hakuna ukombozi wa bure. Anayetaka kukombolewa, au anayemkombolea mwenzake, sharti atoe kitu.

Tofauti hii ndiyo mhimili wa Godaan, riwaya ya Premchand iliyotoka mwaka wa 1936, mwaka uleule aliofariki mwandishi wake. Hori, mkulima maskini wa kaskazini mwa India, hana tamaa kubwa duniani ila kumwona ng'ombe akiwa amefungwa mbele ya nyumba yake. Anampata kwa mkopo. Muda si mrefu Hira, nduguye wa tumbo moja, anamwekea ng'ombe huyo sumu kwa wivu. Hori anajua ni nani aliyetenda. Hata hivyo anaapa uongo, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mwanawe, ili nduguye asiaibike. Polisi wanapotaka kuipekua nyumba ya Hira, Hori yuko tayari kukopa fedha za hongo kuizuia aibu hiyo. Hira anatoroka, naye Hori anabaki kumlimia mke wa nduguye shamba huku lake likidhoofika. Baada ya miaka mingi Hira anarudi akiwa amekonda na kuvunjika moyo, anaanguka miguuni pa kaka yake, na kaka anampokea.

Msomaji wa haraka angefunga kitabu hapo na kusema kwamba upendo umeshinda. Premchand hakubali. Hori amesamehe kwa moyo mweupe, lakini ng'ombe hakurudi. Madeni yaliyozaliwa na tukio lile hayakufutwa, na mwili uliobeba gharama yake umechakaa. Anakufa akifanya kibarua juani. Jina la riwaya linarejelea sadaka ya ng'ombe ambayo Mhindu hutoa kifoni ili roho yake ivuke salama. Mtu aliyeshindwa kumfuga ng'ombe akiwa hai anatakiwa amtoe ng'ombe akiwa maiti. Mkewe, Dhania, anamkabidhi kuhani senti chache zilizotokana na kusokota kamba, kwani nyumbani hamna kingine. Hapo ndipo ukali wa Premchand ulipo. Msamaha wa maskini ulitolewa bure, ilhali ukombozi wake mwenyewe uliwekewa bei asiyoiweza.

Bhisham Sahni anaupeleka mjadala huu kutoka ndani ya familia hadi katika umma. Riwaya yake Tamas ilichapishwa mwaka wa 1974 na inahusu ghasia zilizotangulia kugawanywa kwa India mwaka wa 1947. Nathu, fundi wa ngozi wa tabaka la chini, analipwa rupia tano amchinje nguruwe. Anaambiwa kwamba mzoga unahitajiwa na daktari wa mifugo. Asubuhi yake mzoga unapatikana kwenye ngazi za msikiti, na mji unawaka moto. Nathu, aliyetumiwa pasipo kujua, anaungulika kwa hatia mpaka anamfunulia mkewe siri ile. Kuhusu Murad Ali, aliyemlipa, riwaya inatuachia picha isiyosahaulika. Ghasia zinapotulia, kamati ya amani inaundwa na basi linazungushwa mitaani likihubiri umoja. Ndani ya basi hilo, kwenye kipaza sauti, ameketi Murad Ali, naye Nathu ni marehemu. Amani imetangazwa na mtu ambaye, lau ukweli ungesemwa, angekuwa wa kwanza kuulizwa.

Msomaji wa Nairobi hana haja ya kusafiri hadi Punjab ili aelewe maana ya basi lile. Na aitazame Waithaka, katika Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji. Ndani ya jina lenyewe mna neno la Kikuyu ithaka, yaani mashamba, na historia ya eneo zima la Dagoretti ni historia ya mashamba. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, sehemu hizi zilikuwa bado za wilaya ya Kiambu. Ziliingizwa Nairobi mipaka ya mji ilipopanuliwa katika miaka ya 1960. Katika wilaya hiyo ardhi iliunganishwa na kugawanywa upya huku maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini, wasiweze kusimama kwenye mipaka yao na kusema neno. Waliosalia nyumbani upande wa serikali, wale walioitwa ngati, walikuwapo.

Leo wajukuu wa pande zote mbili hupanda matatu moja na kuzikana makaburini. Huo ni msamaha wa aina ya Hori, na ni msamaha wa kweli usiostahili kubezwa. Hata hivyo haujajibu swali la shamba. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa kipindi hicho jumla ya pauni milioni 19.9. Fedha zilikuwa kidogo zikilinganishwa na mateso, na wengi walikuwa wameshakufa. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa baina ya siku hiyo na miaka hamsini ya hotuba za kusahau: aliyekosa alitamka kosa, mbele ya waliokosewa, akatoa kitu. Mwezi uliotangulia, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilikuwa imekabidhi ripoti yake kuhusu dhuluma za Wakenya wenyewe kwa wenyewe. Mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa. Basi la amani limepita, na kipaza sauti kimesikika.

Ni katika muktadha huu ambapo riwaya ya M. G. Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall, inastahili nafasi kubwa kuliko iliyopewa katika idara zetu. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada, ambako kitabu hiki kilipata Tuzo ya Giller mwaka wa 2003. Mhusika mkuu, Vikram Lall, ni Mkenya wa asili ya Kihindi anayejulikana kama mmoja wa wafisadi wakubwa barani Afrika. Akiwa amejificha Kanada, anasimulia maisha yake tangu utotoni mjini Nakuru wakati wa vita vya Mau Mau. Annie, msichana wa Kizungu aliyecheza naye, aliuawa. Njoroge, rafiki yake wa Kikuyu, alimpenda Deepa, dada yake Vikram, na familia ikayazuia mapenzi hayo. Baadaye Njoroge alimfuata J. M. Kariuki katika siasa, naye pia akauawa. Kariuki wa historia aliuawa Machi 1975, na maiti yake ilipatikana katika vilima vya Ngong, vilima vilevile ambavyo mkazi wa Dagoretti huviona kukicha.

Vikram hajitetei sana. Anaeleza jinsi alivyogeuka chombo cha kupitishia fedha za wakubwa, mtu wa katikati ambaye si Mwafrika wala si Mzungu na kwa hiyo anafaa kutumwa na yeyote. Huko uhamishoni anafikiwa na Joseph, mwana wa Njoroge. Huu ndio ufundi wa maadili wa riwaya hii. Mwandishi anamkalisha mdeni pamoja na mrithi wa deni, kisha anauliza kama masimulizi pekee yatosha kuwa malipo. Jibu lake linaonekana katika safari ya Vikram ya kurudi Nairobi. Kuungama ukiwa ng'ambo ya bahari, mbele ya ziwa lisilokujua, ni nusu ya toba. Nusu ya pili iko nyumbani, na ni ya hatari.

Haki inadai kwamba upande wa pili wa daftari usomwe pia. Si Mhindi pekee mwenye la kuungama katika Afrika Mashariki. Sheria za biashara na uhamiaji za mwaka wa 1967 ziliwafanya maelfu ya Wahindi waondoke Kenya kwa hofu. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Uganda. Tarehe 1 Agosti 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi, maduka ya Wahindi jijini Nairobi yaliporwa na wanawake wao wakanajisiwa. Ni kazi ngapi za Kiswahili zilizoyasimulia mambo haya kwa uchungu unaostahili? Katika michezo yetu ya kuchekesha, mara nyingi Mhindi huletwa nyuma ya kaunta ili lafudhi yake ichekwe, kisha huondolewa. Mhusika asiyeruhusiwa kuumia hawezi kuombwa msamaha, na asiyeruhusiwa kutubu hawezi kusamehewa.

Wapo watakaosema kwamba riwaya hizi si shughuli ya mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kihindi au Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Msamiati wetu wenyewe unaikana. Pesa, laki, rupia, hundi na bima ni maneno yaliyotufikia kutoka Bara Hindi. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilipokea kutoka huko lugha ya kuhesabu deni na kuliandika. Hadithi za watu wanaohangaika kulipa deni la moyo hakijazipokea bado. Lugha iliyochukua daftari la mfanyabiashara haina sababu ya kuukataa moyo wake.

Tena, liko jambo zito zaidi ya mkopo wa maneno. Maungamo ya Vikram Lall yameandikwa kwa Kiingereza na kusifiwa Kanada, lakini waliokosewa humo ni watu ambao wengi wao wangeyasikia vizuri zaidi kwa Kiswahili: mama wa sokoni, kijana wa karakana, mzee wa Waithaka ambaye hati ya shamba lake ina jina la mtu mwingine. Tafsiri ya riwaya hii kwa Kiswahili ingekuwa sehemu ya kile ambacho riwaya yenyewe inakidai, yaani kuyaleta maungamo mbele ya wenyewe. Vivyo hivyo Godaan na Tamas zingefaa kutafsiriwa, ikiwezekana moja kwa moja kutoka Kihindi, na kuwekwa katika kozi za fasihi linganishi kando ya riwaya zetu. Vyama vya wanafunzi vya Kiswahili vina vijana wenye uwezo wa kuianza kazi hii kwa sura moja moja, chini ya uangalizi wa walimu wao.

Hori alisamehe, na hakuna aliye na haki ya kumlaumu. Lakini Premchand hakuiandika riwaya yake ili Hira alale usingizi. Aliiandika ili msomaji ajiulize nani atamlipa mjane ng'ombe wake. Ndwele isiyotajwa haigangiki, na mganga wa kwanza wa ndwele ya namna hii ni yule aliyeisababisha, akirudi nyumbani na kitu mkononi.