Usiniuzie Kiwanja Chenye Matairi

Semina ya wastaafu watarajiwa haikuwa na ubaya wowote mpaka baada ya chai. Asubuhi tulielezwa habari za mafao, shinikizo la damu na mirathi, mambo ambayo mtu wa rika letu anayategemea. Kisha akapanda jukwaani kijana mmoja nadhifu, viatu vyenye ncha, akawasha projekta na kutamka kwa sauti ya mahubiri: "Wazee wangu, viwanja Dodoma vimeshapanda, mmechelewa. Akiba ya kweli sasa hivi ni gari la zamani. Gari la zamani ni kiwanja chenye matairi!" Ukumbi ukapiga makofi. Jirani yangu, afisa wa miaka mingi, mtu ninayemheshimu, akayaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Si mara ya kwanza kuyasikia. Kwenye vikao vya harusi, kwenye misiba, baa za Area D, utamkuta mtu anamwambia mwenzake asiuze gari la marehemu baba yake kwa sababu iko siku litafuatwa na Wazungu. Ila huyu kijana alikuja na picha. Alituonyesha Mercedes-Benz 300 SLR, lile gari lililouzwa kwa euro milioni 135 kule Stuttgart Mei 2022. Ni kweli liliuzwa. Hakusema kwamba ya aina ile yalitengenezwa mawili tu, mwaka 1955, kwamba miaka yote hiyo yalikuwa mikononi mwa kiwanda chenyewe, na kwamba mnada wake ulikuwa wa watu walioalikwa, si wa kubofya simu ukiwa Nkuhungu. Kutoka kwenye gari hilo aliruka moja kwa moja hadi kwetu: ingia kwenye mnada wa mtandaoni, kamata Land Cruiser ya 1983 au Benz ya 1978, ilipie kwa sehemu ya mafao, ifunike turubai, subiri miaka mitano, kisha uiuze mara tatu ya bei. Uiuze kwa nani? Hapo slaidi zikaisha.

Swali langu ni hilo tu, nami nitalirudia hata likichosha: mnunuzi yuko wapi?

Minada ya mtandaoni ina wanunuzi, sibishi. Bring a Trailer ya Marekani, iliyoanza mwaka 2007, inaonyesha bei ikipanda mchana kweupe. Mtu akiongeza dau katika dakika mbili za mwisho, saa inarudishwa nyuma ili mwenzake naye apate nafasi, na kazi inaendelea hivyo mpaka mmoja anyamaze. Lakini tazama kinachonunuliwa pale. Muuzaji anaweka mamia ya picha, za juu na za uvunguni. Anaweka video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa ya baridi. Anaweka risiti za matengenezo tangu kwa mwenye gari wa kwanza, na namba za chesisi na injini ziwe zile zile zilizotoka nazo kiwandani. Watazamaji nao wanamhoji kama yuko kizimbani: mlango wa kushoto mbona rangi yake imekolea? Na nyuma ya hayo yote iko sheria. Marekani gari likifikisha miaka 25 linaingia nchini bila kudaiwa viwango vya usalama vya gari jipya, ndiyo maana Mmarekani anagombania Land Cruiser kuukuu na Skyline ya Japani. Umri umemfungulia mlango, na mtu wa kumuuzia anaishi mtaa wa pili.

Kwetu umri unafunga mlango. Chukua gari ambalo TRA wamelithaminisha kwa dola 10,000 likiwa limeshafika bandarini Dar es Salaam, injini yake imezidi cc 2,000 na umri umezidi miaka 10. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa ajili ya ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee. Kisha VAT asilimia 18 juu ya mlima wote huo. Hapo kodi peke yake imeshavuka dola 10,600, bado tozo ndogondogo, bado wakala wa forodha, bado dereva wa kulipandisha mpaka Dodoma. Umelipa bei ya magari mawili ukapata moja. Na usijitape na risiti ya mnadani kwamba ulilipata kwa bei ya kutupa. TRA wana bei zao kwenye mfumo wao.

Haya, umelipa. Sasa mtafute mtu wa mji huu atakayekurudishia jumla hiyo na faida juu. Mnunuzi wa gari wa Dodoma namfahamu. Anafika Jumamosi na fundi wake, analizunguka gari, anapiga tairi teke, anafungua boneti na kuchomoa kijiti cha oili. Halafu anauliza: spea zake zinapatikana? Lita moja inakwenda kilomita ngapi? Kadi iko kwa jina la nani? Mwambie kwamba spea zinaagizwa Uingereza, lita moja inakwenda kilomita tano, na kadi bado iko kwa jina la mtu aliyemuuzia aliyekuuzia. Atakushukuru kwa heshima zote, ataomba maji ya kunywa, ataondoka. "Basi nitamuuzia Mkenya." Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. "Mganda." Uganda iliyafungia mlango magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Mnunuzi yuko wapi?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ujinga huu unauzwa hapa hapa kwenye nyanda za kati, mahali ambapo tungepaswa kuwa wa mwisho duniani kudanganyika kwa mitambo ya mbali. Nenda Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha pale mpango wake wa karanga, ikataka matrekta ya haraka, na kwa kuwa mapya yalikuwa haba baada ya vita ikazoa ya mitumba, mengine kutoka mabaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Mengi yalishuka melini yakiwa hoi. Wakageuza na vifaru vya Sherman kuwa matrekta, kazi ya kiwanda cha Vickers, wakaviita Shervick, na navyo ardhi ya Ugogo ikavimaliza. Udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, na mchanga wake unasaga chuma. Januari 1951 London ikatangaza kwamba mpango umekwisha, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hao walikuwa na wahandisi, na benki kuu, na bendera. Leo mstaafu wa Ipagala anaambiwa anunue mashine asiyoigusa, kutoka bara jingine, kwa kutazama picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Na ni mafao, jamani, si fedha za kuokota. Hawa watu wamepambana na kikokotoo cha pensheni mpaka sauti zikakauka. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33, bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu zamani, na waliostaafu katikati wanajua wenyewe walivyolala. Mtu amepata hicho alichopata, anatokea mhamasishaji asiyejua kubadilisha hata plagi, anamwambia akitumbukize kwenye kabureta. Hata huo mfano wa kiwanja ulikosa adabu mbele ya watu wa Dodoma. Tumelizwa na viwanja hapa mpaka CDA yenyewe, mamlaka iliyokuwa ikivigawa, ikavunjwa Mei 2017. Lakini kiwanja, pamoja na machozi yake yote, hakidai shokapu.

Upande wa pili wa imani hii ni wa wale ambao magari tayari wanayo. Wao hawanunui, wanasubiri. Shemeji yangu mmoja wa Kisasa ana Peugeot 504 chini ya turubai, limekandamizwa na matofali pembe zote kwa sababu ya upepo wetu. Kila Jumamosi analifunua, analiwasha, analiacha likinguruma huku moshi ukiwafuata majirani ndani, kisha analifunika tena. Dada yangu aliwahi kuomba sehemu hiyo ajenge banda la kuku. Akajibiwa kwamba hilo ni gari la historia, kwa sababu 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Ni kweli ilishinda, na tena mwaka 1978. Lakini ya 1975 iliendeshwa na Ove Andersson, shemeji, si na marehemu mjomba wako aliyekuwa bwana mifugo Manyoni.

Land Rover nazo zina waumini wake. Watakwambia kuna Defender iliyonadiwa London Desemba 2015 kwa pauni 400,000. Ndiyo, ilikuwa ya milioni mbili kutoka kiwandani, iliundwa makusudi kwa ajili ya mnada huo, na fedha zake zilikwenda kwenye hisani. Sasa njoo uone ya kwetu. Kwenye gereji moja ya Kizota ilikuwapo 109 ya kijani kutoka Kondoa. Injini ya Toyota. Siti za Hiace, ya dereva imefungwa kwa mpira wa tyubu. Taa za nyuma sikuzijua ni za nini, nadhani za tela la trekta. Sehemu ya kioo cha mlango wa kulia kuna bati lililokatwa vizuri na kupigwa ribiti. Nikamuuliza fundi hii ni ya mwaka gani. Akajifuta mikono, akacheka: "Hii mzee imebaki chesisi na jina tu."

Na injini iliyoandikwa kwenye kadi iko wapi? Iliuzwa skrepa. Ndivyo magari ya huku yalivyoishi: fundi alibadilisha kilichokufa kwa kilichopatikana, na mimi hiyo naiona ni kazi ya heshima kuliko kupaka nta gari lisilotoka nje. Ile 109 inapakia mahindi na wagonjwa, mwenyewe hana mpango wa kuiuza. Lakini yule mnunuzi wa mtandaoni analipia kitu ambacho hakijabadilishwa, na sisi hatuna kitu ambacho hakijabadilishwa. Bodi ya ile 109 kweli ni ya alumini, kwa sababu Land Rover ilipozaliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Alumini hiyo hapa kwetu ina mnunuzi wa uhakika, nakubali. Ni mpiga sufuria.

Niliposema haya barazani nikaletewa hoja kwamba Dodoma ni kavu, gari halishiki kutu kama Tanga au Unguja. Nikauliza basi na mabomba ya mwaka 1980 nayo tuyanadi, maana hayajashika kutu? Mwingine akaja na "jamaa mmoja wa Moshi" aliyemuuzia Mjerumani Volkswagen kwa mamilioni. Huyu jamaa wa Moshi nimemsikia Singida, nimemsikia Mpwapwa, nimemsikia Morogoro. Hana jina, hana simu, na kila anapotajwa Volkswagen yake inapanda bei. Wa tatu akanikumbusha Land Rover zilizofurika Arusha Oktoba 2024. Zilifurika, zikapendeza, zikapigwa picha, kisha wenyewe wakarudi nazo kazini kubeba watalii. Hakuna aliyekuja kununua.

Kama mtu ana kiu ya minada kweli, aanzie na mali zetu. Katika mji huu kuna yadi za ofisi zenye magari ya serikali yenye namba za STK, ya mashirika ya umma yenye SU, ya miradi iliyokufa yakiwa bado na herufi za DFP, yameegeshwa juani mpaka dashibodi zimepasuka na majani yameota ndani ya boneti. Yalipoegeshwa yalikuwa yanatembea. Sahihi ya kuyaondoa inazunguka mezani miaka, na siku dalali anapokuja na kipaza sauti kuyauza "kama yalivyo na mahali yalipo", anayenunua anakuja na gesi ya kukatia. Vijana wenye gereji wangeyachukua mapema kwa bei nzuri, Hazina ingepata fedha, na mtu angepata gari. Hapo wanunuzi wapo, tena wanapanga foleni, ila hakuna semina inayoandaliwa juu ya hilo.

Najua watakaosema nina wivu kwa sababu sina gari la zamani. Ninalo. Ni Toyota Mark II, GX 100, ina redio inayoshika stesheni moja na mlango wa nyuma unaofunguliwa kwa nje tu. Sijawahi kuiita akiba. Fundi ameshaniambia shokapu za mbele zimekwisha zote mbili, na mwenye duka la spea anasema za mtumba anazo, mpya niagize.