KARAMU YETU NA HOTELI YA NORFOLK

Katika mkutano uliopita lilizuka neno ambalo halikuisha siku ile, nalo ni hili: karamu ya Chama ya mwaka huu ifanywe wapi? Wenzetu kadha wa kadha walitoa shauri kwamba tuuache ukumbi wetu wa siku zote, wenye viti vya kukunja na wali wa sufuria moja, tukale na kunywa katika hoteli ya Norfolk. Wengine walisimama wakasema hawatatia mguu pale maisha yao. Maneno yakawa makali, hata Mwenyekiti akagonga meza. Sisi tulitunzao gazeti hili twaona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake.

Nyumba yenyewe ilifunguliwa siku ya Noeli mwaka 1904, Nairobi ilipokuwa ingali mji wa mabati na matope. Walowezi wenye vyeo walikutana pale kwa wingi, hata ikapewa jina la utani, Nyumba ya Malodi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifikia pale katika safari yake ya kuwinda. Yasimuliwa pia kwamba Lord Delamere aliingia na farasi katika chumba cha kulia akamrusha juu ya meza. Kama ni kweli au ni soga la wanywaji, wasomaji na waamue. Desturi ya siku hizo ilikuwa Mzungu kunywa na kutia sahihi katika cheti, fedha ikingoja mavuno. Nasi makarani, tuambiwao kila mwezi kwamba hatujui kuweka akiba, na turuhusiwe kucheka kidogo.

Mwafrika naye alipita mlango wa jikoni. Alivaa kanzu nyeupe akabeba sinia, akajua kila mgeni apenda nini katika gilasi yake, lakini kiti hakuwa nacho, na pombe kali aliyoimimina sheria ilimkataza kuionja.

Tena liko jambo la mwaka 1922, nalo ndilo lililowaudhi wenzetu waliokataa. Harry Thuku alikuwa mtu wa kazi kama zetu: alishika simu katika ofisi ya Hazina ya serikali hapa Nairobi. Mwaka 1921 alianzisha East African Association, kulalamikia kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake kutolewa kazi kwa nguvu. Kazi yake ya serikali ikampotea. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa, na siku ya pili yake watu wakaanza kukusanyika penye kituo cha polisi, karibu na hoteli. Tarehe 16 Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume haya wasirudi nyuma. Ndipo risasi zilipolia. Imeandikwa kwamba Wazungu waliokuwa barazani mwa Norfolk nao walipiga bunduki pamoja na askari. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, akiwamo Nyanjiru mwenyewe. Wengine wamesema ni zaidi sana. Thuku alipelekwa Kismayu, wala hakuachiliwa ila baada ya miaka minane na zaidi.

Basi mtu akisema, "Chakula cha pale hakitanishuka kooni," hatumcheki. Lakini twamwuliza: ikiwa yeye hatakwenda, kiti kile amemwachia nani? Leo njia ipitayo mbele ya hoteli yaitwa Harry Thuku Road, na baraza ielekeayo njia hiyo ilipewa jina la Lord Delamere. Mtu aketiye pale na kikombe chake huyaona majina yote mawili pasipo kuinuka. Na tusisahau usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, bomu lilipopasuka katika hoteli hiyo watu wakiukaribisha mwaka mpya. Walikufa zaidi ya kumi, na wengi wakaumia.

Sisi wenyewe tulikwenda pale Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, watu wawili, tukaagiza chai tu, tukainywa polepole kuliko chai yo yote tuliyopata kuinywa. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi, alituita "bwana" kwa sauti ile ile aliyotumia katika meza ya wageni wa ng'ambo. Mwenzangu akanyamaza kitambo. Baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu.

Kwa hiyo hatuoni dhambi kwenda. Tunaloliona baya ni lile shauri la pili, lililotolewa kwa sauti ya chini: kwamba upungufu wa fedha ujazwe kutoka katika Mfuko wa Mazishi. Hilo twalikataa kabisa. Bia ya hotelini huuzwa maradufu ya bei ya mtaani na zaidi, na mfuko ule ni wa wajane. Mwaka jana tu tuliwazika wanachama wawili, na watoto wao walisafirishwa hata kwao kwa fedha hiyo hiyo. Mwanachama atakaye kula na ale kwa mfuko wake. Asiyeweza asisukumwe kukopa, wala asisemwe nyuma ya mgongo.

Neno dogo kwa watakaokwenda. Msione haya kuuliza maana ya neno lo lote katika orodha ya vyakula. Yale ya Kifaransa hata Waingereza wengi huyakosea. Visu na uma vianzwe vya nje. Bakshishi ya mhudumu itengwe kabla ya chupa ya kwanza, kwa kuwa baada ya chupa ya tatu husahauliwa.

Karamu ya Chama, kwa maoni yetu, na ibaki katika ukumbi wetu. Wapendao kwenda Norfolk kwa gharama zao, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, wampe Katibu majina yao kabla ya tarehe 20, ili meza iombwe mapema; na ikiwezekana tutaomba ya barazani, upande wa njia.